Mwalimu wa Bado

Ukimpa Mwalimu kikombe cha chai na umuulize kama sukari imetosha, hakuambii ndiyo wala hapana. Anaonja, anaangalia ukuta, anaonja tena. "Bado," anasema. "Sijafika chini." Na wewe umesimama hapo na kijiko cha sukari mkononi kama mtu ametumwa akasahau alitumwa nini. Chai inaisha, anarudisha kikombe, anasema, "Ilikuwa imetosha." Sasa hiyo inanisaidia nini?

Nimemjua huyu mzee miaka mingi, na hilo ndilo neno lake. Bado. Watoto wa shule walikuwa wanamuita Bado akishapita, halafu wakaanza kumuita akiwa mbele yao, na yeye anaitika. Mimi nitamuita Mwalimu, juu ndiye alinifundisha, na heshima ni heshima hata kama mtu anakuchosha. Na alinichosha. Mungu anajua vile nimepiga magoti nikaomba uvumilivu, na nikishaomba tu, nasikia geti likilia, ni Mwalimu na mwavuli wake.

Mimi niliacha shule nikiwa msichana, nikarudi nikiwa mama. Masomo ya jioni yalikuwa kwa shule moja ya msingi hapa Machakos mjini, kwa madawati ya watoto, magoti yanakaribia kidevu. Tulikuwa mchanganyiko: makanga wa matatu, mama wa mboga, bawabu wa benki, na mimi nimetoka kufunga kibanda changu cha kushona. Ukiwa umechoka hivyo unataka mwalimu aseme kitu, uandike, uende nyumbani upike. Mwalimu wa baiolojia akaingia na sanduku la kiberiti. Akaliweka mbele yangu.

"Fungua."

Ndani kulikuwa na kupe, amefura damu kama punje ya harage. Nikaruka karibu nimwangushe makanga.

"Huyu ni mdudu?" akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hesabu miguu."

Nikahesabu, na kupe anatembea. Minane.

"Mdudu ako na sita. Huyu si mdudu. Huyu, na nge, na buibui, ni mbai moja." Aliangalia yule bawabu, ambaye hakuwa Mkamba, akamwelezea, "Ukoo mmoja. Kama vile uko na shemeji hutaki kuonekana naye sokoni, lakini ni wenu."

Tukacheka. Mimi nikaandika: kupe si mdudu. Nikainua mkono. "Kwa hivyo sasa tumejua, Mwalimu?"

"Mmejua ya huyu," akasema, akifunga kiberiti. "Wengine bado."

Nilipita mtihani wa baiolojia, na nitakuwa mwongo nikisema si juu yake. Lakini siku ya matokeo, nimefika kwake mbio na viatu mkononi, nimwambie nimepita, aliuliza kama nimeona karatasi yenyewe ama nimeambiwa.

Alipostaafu shule ya mchana ndipo akapata ile kazi isiyo na mshahara. Kuna pahali kwa mtandao watu wa Kenya yote wanatuma picha za buibui na nge na jamaa zao, wanaandika wamewaona wapi na lini, halafu lazima mtu anayejua aangalie aseme kama ni kweli ndiye. Huyo mtu ni Mwalimu. Chini ya kila picha unabonyeza moja kati ya tatu: imethibitishwa, imekataliwa, bado. Simu yake ilikuwa imechakaa kioo pahali pamoja tu, na sihitaji kukuambia ni wapi.

Alikuwa anakaa kwa veranda yake asubuhi, miwani imefungwa na kamba ya kiatu, anauliza watu maswali. Ulisimama wapi? Alikuwa juu ya jani ama chini? Mbona umeweka kidole kando yake, kidole chako nakijulia wapi? Weka sarafu. Watu walikuwa wanatuma picha wakitarajia kupongezwa, wanapata kazi ya nyumbani.

Kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Tala alituma picha: buibui wa kijani, miguu imejikunja, amelala kwa kaunta karibu na misumari. Akaandika: HATARI, TUSAIDIENI. Watu wakajaa hapo chini, mmoja anasema huyo anaua ng'ombe, mwingine anasema shangazi yake alimkanyaga akapooza mguu. Mwalimu akaomba apigwe picha kutoka chini. Akauliza kama anatembea. Akauliza duka la jirani linauza nini. Mwisho akaandika: "Hiki ni kikonyo cha nyanya. Nyanya imethibitishwa." Hiyo ndiyo kitu pekee nimewahi kuona akithibitisha siku ile ile.

Lakini pia yeye alinaswa na neno. Huku kwetu Kiswahili tunachukua kile tunaweza kubeba, hatufuati sana mambo ya kupatanisha maneno. Sasa kuna mama mmoja wa familia ya kutoka pwani, anauza vitambaa karibu na msikiti, na mimi hununua kwake. Msichana wake wa kazi, Mkamba kama sisi, alisikia habari za Mwalimu akamtumia ujumbe: "Kuna buibui nyeusi kubwa kwa kamba ya nguo. Si yetu. Tumeogopa kuigusa." Mwalimu akachukua mwavuli na kioo chake cha kukuzia, akavuka mji mzima na jua hilo. Akafika akapata vazi. Buibui la kuvaa, limeanikwa na vibanio, la jirani, upepo ulikuwa umelileta.

Huyo mama alicheka mpaka akaketi kwa ngazi. "Mwalimu wee! Vazi ni buibui jeusi. Mdudu ni buibui mweusi. Nyinyi watu wa bara kila kitu 'nyeusi', sasa mwaona yawapatayo?"

Na Mwalimu, na jasho lake, na aibu yake, unajua alijibu nini? "Buibui si mdudu."

Tangu siku hiyo ukimletea habari anaanza na kuuliza, "Ni mweusi ama ni jeusi?" Tukateseka. Nilimpigia simu mara moja nikiwa nimesimama juu ya kitanda changu. "Mwalimu, kuna buibui kubwa sana kwa ukuta!"

"Mkubwa," akasema.

"Mwalimu, inakuja!"

"Anakuja."

Nikamkatia simu nikatumia kiatu.

Usifikirie kwamba alikuwa mtu wa kuhurumia kila kiumbe. Ng'ombe wake alikuwa anapigwa dawa ya kupe kila wiki, na anaipiga kwa furaha, anaimba. Nikamuuliza, si kupe ni mbai ya buibui? Akasema, "Huyu nimemthibitisha." Na hiyo shaka yake yote ilikuwa inaisha kwa mpira. Redio ikisema timu yake imeshinda, anaamini hapo hapo, haulizi picha, haulizi sarafu, anatoka nje kuambia majirani. Nikimkumbusha hiyo, anasema mpira ni mambo ya roho.

Ya roho sasa ndiyo ilikuwa inaniuma. Mwalimu alikuwa anakuja kanisani kwetu kila Jumapili. Anakaa nyuma, karibu na dirisha, na watu wakipiga makofi yeye anangoja wimbo uishe ndipo anapiga, kama ambaye alitaka kwanza kusikia kama utaishia vizuri. Sadaka anatoa. Wagonjwa anatembelea. Lakini umuulize, kama vile mtu yeyote huku anaulizwa, "Mwalimu, umeokoka?" anafikiri. Anafikiri kweli, unaona ameenda kuangalia. Anarudi anasema, "Bado."

Pasta alimuuliza. Wazee walimuuliza. Mimi nilimuuliza zaidi ya wote, na siku moja uvumilivu ukaisha. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo bado yako ni hapana iliyovaa tai."

"La," akasema, polepole, kama bado tuko darasani. "Hapana ni hapana. Bado ni bado."

Nikaenda nyumbani nikachapa unga wa chapati mpaka watoto wakauliza kuna nini.

Lakini yote hayo yalikuwa mchezo. Kile kilinitoa machozi ni tenki.

Kanisa letu liko kwa mteremko, upande wa barabara ya Kathiani. Paa ni kubwa, mabati mazuri, na kila msimu mvua ikinyesha hayo maji yote yalikuwa yanamwagika chini ya kilima, halafu mwezi ukiisha sisi akina mama tunarudi kwa mtungi mgongoni, kamba kwa paji la uso, tukichota mbali. Mama yangu alibeba hivyo mpaka shingo ikakataa kugeuka. Mimi nikasema binti yangu Ndanu hatabeba. Kikundi chetu cha akina mama, na mimi ndiye mwenyekiti, kikachanga, tukapata mchanga, simiti, fundi. Tulitaka tenki la kujengwa kwa ardhi, liwe tayari kabla ya mvua ya mwezi wa kumi na moja, juu ndiyo mvua ya kutegemea huku. Hiyo ikipita, unangoja.

Fundi akachagua upande wa chini wa kanisa, kwa ukingo wa udongo laini. Upande wa juu ni mwamba. Akasema nyasi zitolewe. Nikachukua jembe, mimi mwenyewe, asubuhi. Nikiwa nimeinama hapo nikaona ardhi imefungua jicho.

Sijui nisemeje tena. Kitu kidogo cha mviringo, kama sarafu ya shilingi kumi, kiliinuka kwa ukingo, kikakaa hivyo, halafu kikajifunga. Nikiangalia hapo, ni udongo tu. Nikachokoa na kijiti pole pole. Ni mlango. Ni mlango kweli, una bawaba ya nyuzi, chini umelainishwa kama kitambaa cha ndani cha koti, na mwenyewe yuko ndani ameushikilia na miguu asinifungulie.

Na mimi, juu ya miaka yote ya kufundishwa "ukiona, leta", nikapiga picha. Nikaweka sarafu. Nikamtumia.

Alikuja kabla chai haijachemka. Akalala kifudifudi kwa mavumbi na koti lake la kwenda mjini. Fundi akasimama na kamba yake ya kupimia, akimwangalia.

"Mzee, tunaanza kuchimba."

"Ngoja."

"Ningoje nini?"

"Sijui bado," Mwalimu akasema, na uso wake ukiwa ndani ya nyasi.

Nitakuelezea vile alinielezea. Huyo ni buibui anayechimba shimo, anaweka mlango, na jike anakaa humo humo maisha yake yote, hatembei. Kuna wa aina ya kawaida, wako kila mahali. Na kuna wengine wanaishi kwa kilima kimoja tu duniani, ukichimba hapo umewamaliza. Kwa nje, mlango ni mlango. Hawezi kujua kwa kuangalia mlango.

Kamati ikakaa. Pasta wetu ni mtu mzuri, na siku hiyo alisema vizuri. "Mwalimu, sisi si watu wabaya. Ukisema huyu ni kiumbe wa peke yake, tutahamisha tenki. Ukisema ni buibui tu, fundi anaanza kesho. Sema moja. Tutakubali."

Watu wote wakamgeukia. Akatoa miwani, akaipanguza.

"Bado."

"Bado nini, Mwalimu?"

"Sijaona dume. Dume ndiye ako na alama za kutofautisha. Bila dume siwezi kusema."

Mama Mutindi, ambaye ni mjane na hana kufuli mdomoni, akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, hata mimi natafuta dume miaka hii yote, na sijasimamisha ujenzi wa mtu!"

Kanisa likavunjika mbavu. Hata Pasta alijifanya anakohoa. Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa anangoja tumalize.

"Na huyo dume anatoka lini?" Pasta akauliza.

"Mvua ikinyesha. Wanatoka kutafuta bibi."

Hapo kicheko kikaisha. Juu kila mtu alielewa. Tenki lilitakiwa liwe tayari kabla ya mvua. Na jibu lilikuwa linakuja na mvua.

Nikamfuata nje. Niliongea naye kama vile singeongea na baba yangu. "Mwalimu, si useme tu ni wa peke yake! Unampenda huyo buibui kuliko watu. Sema, tuhamishe, iishe!"

"Nikisema bila kuona, kesho yule wa Tala akiniletea nyanya nitamwambia nini?"

"Basi sema ni wa kawaida!"

"Hiyo nayo sijaona."

"Kwa hivyo hujui kitu."

"Eeh," akasema, na akaonekana ametulia kabisa. "Hiyo nimethibitisha."

Nikamwacha hapo. Singeweza kuendelea na nibaki mtu wa kuokoka.

Tukangoja. Akina mama wakaanza kuniambia ni mimi nilileta hiyo picha. Fundi akapata kazi kule Muthetheni akaenda. Mwalimu kila asubuhi alikuwa hapo kwa ukingo na mwavuli, anasalimia watu, na watu hawamjibu. Kuna siku nilipita nikamwona ameweka mwavuli juu ya ule mlango, na yeye amekaa juani. Nilitaka kurudi nimkasirikie na sikupata pa kuanzia.

Halafu mvua ikaja. Ikaja usitake kuona, ile mvua ya baraka tunayoombaga. Tuliweka beseni, ndoo, sufuria za harusi, mapipa. Zikajaa kabla hata hatujamaliza kuzipanga, na maji yakaendelea kushuka kwa mabati, yanapita miguuni mwetu, yanaenda. Nilisimama hapo nimelowa na nikalia. Mama Mutindi akanishika mkono. Hakufanya mzaha siku hiyo.

Kulipopambazuka nikaenda kumwaga beseni lililokuwa na majani. Alikuwa anaelea humo. Mweusi, mwembamba kuliko nilivyofikiria, amekufa, na vile viungo viwili vya mbele ya mdomo vimefura kwa ncha kama glavu za bondia. Mwalimu alikuwa ametuambia dume ndiye yuko hivyo. Nikamweka kwa kopo la siagi nikakimbia na mvua ile.

Mwalimu akamwangalia na kioo. Mimi nimesimama mlangoni ninadondoka maji kwa simiti yake.

"Ni dume," akasema.

"Asante Yesu!"

"Lakini wa shimo gani?"

Nikakaa chini. Hakunikaribisha, nilikaa tu, chini, kwa simiti.

"Dume anatembea mbali," akasema. "Huyu anaweza kuwa wa ule mlango wetu. Anaweza kuwa ametoka ng'ambo ya barabara. Ndiyo nijue ni wa aina moja, lazima nimuone jike. Na jike, kumuona ni kumchimba."

"Basi mchimbe!"

Akaniangalia, na ni mara ya kwanza niliona amechoka kama mimi. "Mama Ndanu. Niue yule mmoja tuliye naye, ndiyo nijue kama hatufai kumuua?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati yake. Nilikuwa na majibu mengi na yote yalikuwa ya hasira. Lakini nilikuwa nimeona huo mlango. Nilikuwa nimeuchokoa na kijiti na mtu ndani akaushikilia. Sisi tumelelewa hivi: ukienda kwa mtu unapiga hodi. Usipojibiwa unapiga tena. Usipojibiwa kabisa unarudi ulikotoka, hata kama ulitoka mbali, hata kama ulikuwa na shida kubwa. Huvunji.

Jumapili nikasimama mbele ya kamati. Nikasema, "Huyu mzee hatawahi kusema. Tukimngoja, Ndanu atazeeka na mtungi. Mimi nimesema. Tunaenda upande wa mwamba."

Wakapiga kelele. Mwamba! Nani atavunja? Nikasema mimi nitaanza, na nikaanza kesho yake na nyundo ya kuazima. Kiangazi hicho chote akina mama tulivunja mwamba. Fundi aliporudi alikuta tumefika kiuno. Kila nilipoinua nyundo nilikuwa namwona Mwalimu hapo juu ya jiwe na miwani yake, Mungu anisamehe, na ndiyo maana nilikuwa napiga vizuri kuliko wote.

Alikuja pia, kuvunja kokoto. Alikuwa mbaya sana kwa hiyo kazi. Akajipiga kidole gumba, kikawa cheusi.

"Ukucha utatoka, Mwalimu?" Mama Mutindi akamuuliza.

"Haujaamua," akasema.

Na hapo watu wakaanza kumjibu salamu tena.

Tenki lilijaa msimu uliofuata. Maji tamu, baridi, ya mwamba. Ndanu anachota na bomba, na anaona ni kitu cha kawaida, hata hashangai, na hivyo ndivyo nilitaka. Ile picha yangu bado iko kwa mtandao. Nimeangalia juzi. Chini yake: bado.

Siku hizi Mwalimu anakaa kwa binti yake, kule Muthetheni. Macho yameingia ukungu, simu hawezi kusoma tena. Mwezi uliopita tulienda kumtembelea, mimi na Mama Mutindi, tumetumwa na kanisa. Nikambebea chupa ya maji ya tenki. Tukapiga hodi, binti yake akatufungulia, tukamkuta amekaa kwa mlango wa nyuma na blanketi.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Mwalimu. Mama Ndanu."

"Sauti ni yake," akasema. Hata hapo!

Nikamwekea maji kwa kikombe. Akanywa yote, akanirudishia. Sikumuuliza kama ni matamu. Nimejifunza.

"Ule mlango wetu," akasema. "Uko aje?"

"Uko. Nilipita hapo asubuhi. Na kando yake kuna mingine midogo sasa, kama vifungo vya shati."

Akainua kichwa. "Wamezaa? Umewaona watoto?"

"Nimeona milango," nikasema. "Wenyewe sijaona."

Alicheka mpaka akakohoa, mpaka binti yake akatoka jikoni kuangalia. Alinishika mkono akautingisha kama vile watu wanapongeza mtu amepata mtoto. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilimwambia tu kile niliona.

Halafu tukaomba naye. Mama Mutindi, akimaliza amina, hakuweza kujizuia. "Mwalimu, sasa tuambie sisi rafiki zako. Umeokoka?"

Akaenda kuangalia, kama kawaida yake. Alikaa huko muda mrefu kuliko zamani. Hayo macho meupe yalikuwa yameelekea kilimani, na midomo ilikuwa inatembea kidogo.

"Bado," akasema.

Mama Mutindi akafungua mdomo amfuate tena. Nikamkanyaga mguu. "Tumepiga hodi," nikamwambia. "Twende."

Tulikuwa tumefika barabarani ndipo akasema, "Sasa Jumapili nikisimama kutoa ripoti nitasema nini? Ameokoka ama hajaokoka?"

"Sema bado."

"Si bado ni hapana tu?"

"Hapana ni hapana," nikasema. "Bado ni bado."

Mama Mutindi akasimama katikati ya njia, mkono kiunoni, akaniangalia kutoka kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Mimi pia nilikuwa nimesikia hilo neno likinitoka, na hasira ikanipanda, si kwa yeye, kwa yule mzee kule nyuma na blanketi lake, amekaa kwa mdomo wangu bila kukaribishwa.

"Haya, harakisha," nikamwambia. "Angalia hiyo wingu."

"Hilo wingu," akasema, akinicheka. "Kwani imeanza kunyesha?"

Nikaangalia juu, nikafungua mdomo kumjibu, na nikaufunga na mkono.